Mliniambia ajali haina kinga

Waheshimiwa mnaopanga na kusimamia mashindano ya riadha huku Pwani,

Ama baada ya salamu na kuwatakia heri ninyi na jamaa zenu. Mimi ni kocha wa mbio ndefu hapa Malindi. Sina kiti katika kamati yoyote, na riadha hainilipi mshahara. Nina wanariadha 14, saa mbili za kupimia muda, daftari moja lililochakaa kwa jasho na mvua, na msimu uliokwisha ambao bado haujanitoka moyoni. Nawaandikia hadharani kwa sababu nimeshawaandikia kwa faragha mara mbili. Jibu nililopata lilikuwa la mdomo, tumesimama mlangoni, aliyenijibu ameshika funguo za gari: "Mwalimu, ajali haina kinga."

Methali hiyo naijua tangu utotoni. Nimeisikia kwenye matanga, nimeisikia mashua zilipopotea. Lakini siamini kwamba inafaa kwa jambo lililotupata, na barua hii ni ya kueleza kwa nini siamini.

Mbio za wasichana za mita 10,000 ziliandikwa kwenye ratiba kuanza saa 2 asubuhi. Ratiba hiyo ninayo bado, imekunjwa ndani ya daftari. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa tatu, wiki moja baada ya Idi, kaskazi imelegea na kusi haijaja, ule wakati ambao upepo unakufa kabisa na hata kunguru wanatafuta kivuli. Uwanja sitautaja. Tulifika saa 12 na robo. Saa 2 ikafika, chokaa ya mistari bado imo kwenye magunia. Saa 3 tukaambiwa mgeni rasmi yuko njiani. Saa 4 na nusu akafika. Zikaimbwa nyimbo, zikatolewa hotuba nne, na kila mzungumzaji aliwasifu vijana waliosimama juani kumsikiliza. Kisha zikatangulizwa mbio fupi, maana ndizo zinazowafurahisha wageni kabla hawajaondoka. Wasichana wa mita 10,000 waliitwa mstarini saa 7 na dakika 10 mchana.

Mwanariadha wangu alikuwa amepasha misuli mara tatu. Mara ya kwanza saa 1 na nusu, kama ratiba ilivyotaka. Mara ya pili saa 4, tulipoambiwa "sasa hivi". Mara ya tatu saa 6 na nusu. Kila mara alitoka jasho, akakaa, akapoa, akanywa maji, akaambiwa angoje. Alikunywa uji saa 11 alfajiri na hakula kitu kingine ila ndizi moja, kwa sababu mtu aliyeambiwa "sasa hivi" hawezi kula wali. Ana miaka 19. Anatoka ng'ambo ya mto Sabaki na analelewa na nyanyake. Siku ya kwanza kuja mazoezini alikimbia na viatu vya plastiki.

Alianza vizuri. Kufikia raundi ya 12 alikuwa mbele kwa mita 60 au zaidi, peke yake, mwendo uleule tuliokubaliana. Nilijaribu kumpelekea chupa ya maji kando ya njia. Msimamizi akanizuia, akasema mkimbiaji akipokea kitu mkononi mwa kocha wake ataondolewa. Alikuwa sawa kunizuia, sheria inakataza. Lakini sheria hizo hizo za riadha za dunia zinawaruhusu waandalizi kuweka maji na sponji katika mbio za uwanjani za mita 5,000 na kuendelea, hali ya hewa ikihitaji. Mimi sikuruhusiwa kumpa maji, na ninyi mlioruhusiwa hamkuweka hata meza.

Raundi ya 19 niliona mkono wake wa kushoto umeacha kupiga. Mabega yalikuwa yamepanda, kichwa kimelalia upande mmoja. Alipomaliza raundi ya 20 nilimwita kwa jina. Akageuza uso, macho yakanipita, yakaangalia mahali nyuma yangu. Na hapa lipo kosa langu, ambalo nalitaja kabla ya kutaja lenu. Nilimwambia, "Jikaze, zimebaki tano." Miaka 11 nafundisha mbio, nimesoma ishara hizi, nimewasimulia wengine. Nikamwambia jikaze.

Naye akajikaza. Alikwenda raundi moja na nusu, akatoka kwenye njia ya ndani, akasimama, akageuka, akaanza kukimbia kurudi alikotoka. Kisha akaanguka.

Watu wakajaa. Mmoja akasema apewe soda. Mwingine akasema huyu ana pepo, asomewe. Mwingine akasema aachwe apumzike, ni njaa tu. Gari la wagonjwa lililotajwa kwenye barua ya mwaliko sikuliona. Nilimshika shavu, lilikuwa la moto kama sufuria, na aliponiona aliniita mama. Aliyejua la kufanya ni mama mmoja anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu nje ya geti. Alipasua umati, kasha lake limo kichwani, akapiga kelele, "Mtoto anatokota huyu! Mmwagieni! Mnangoja nini?" Akamimina kasha zima, barafu, ukwaju, ubuyu, maji yote, shingoni, kwapani na mapajani. Wasichana wenzake wakavua khanga wakazilowesha wakamfunika. Tukaendelea kummwagia maji mpaka pikapu ya mtu ilipopatikana, na ndani ya pikapu tukaendelea. Daktari aliyempokea alisema kwamba lile kasha ndilo lililomrudisha. Yule mama alipoteza biashara ya siku nzima. Nilipomtafuta wiki iliyofuata kumlipa, alichukua nusu, akasema nusu nyingine nimnunulie mtoto maziwa.

Sasa niambieni, waheshimiwa, ajali ni ipi hapo?

Jua la mwezi wa tatu halikutuvizia. Majahazi yamekuja pwani hii na kaskazi na kuondoka na kusi kwa mamia ya miaka, na mabaharia wasio na simu wala satelaiti walijua mwezi na hata siku. Mtu yeyote wa Malindi anajua kwamba mwezi wa pili hadi wa nne ndio wakati wa joto kali zaidi, kwamba nyuzi 32 mchana ni jambo la kawaida, na kwamba baina ya saa 5 na saa 9 mtu mwenye akili yake haendi shamba. Wavuvi wameshapandisha vyombo. Hata mafundi wa makuti hushuka kwenye paa. Tuliowaacha juani ni watoto tu, na tukawaambia wakimbie kilomita 10.

Nimeulizwa kama joto ni kitu cha kulilia hivi. Mkimbiaji ni tanuri. Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika hugeuka joto, na sehemu ndogo tu ndiyo mwendo. Mwili hulitoa joto hilo kwa jasho, ila jasho hupoza linapokauka juu ya ngozi. Kule Eldoret hewa ni kavu, fulana inakauka mgongoni mtu akiwa bado anakimbia. Huku kwetu hewa imelowa bahari. Jasho halikauki, linatiririka mpaka kwenye soksi, mtu anapoteza maji na bado hapoi. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na mkimbiaji akaanza kuchanganyikiwa, akamwita kocha mama, akakimbia kinyume, hicho ni kiharusi cha joto. Ubongo, ini na figo huanza kuumia. Anayepozwa ndani ya nusu saa ana nafasi kubwa sana ya kupona mzima. Anayefungiwa ndani ya gari la moto kwenye foleni ya barabara ya hospitali, nusu saa yake inaishia njiani. Ndiyo maana madaktari wa michezo wanafundisha kumpoza mgonjwa kwanza, palepale, kisha ndiyo asafirishwe.

Kinga ipo, na imeshahesabiwa. Kuna mbio za barabarani zinazofanyika kila mwezi wa nane katika mji wa Falmouth, Marekani, mji wa pwani kama wetu, kwenye joto na unyevu. Watafiti walipitia kumbukumbu za miaka 18 za mbio hizo, wakakuta watu 274 waliopatwa na kiharusi cha joto. Wote 274 walitumbukizwa kwenye maji ya barafu palepale kwenye hema la madaktari. Hakufa hata mmoja. Chombo chenyewe ni beseni kubwa, maji na barafu. Na Malindi, waheshimiwa, ni mji wa wavuvi. Barafu haitupi tabu hapa. Inanunuliwa kwa magunia kila alfajiri ili changu na nguru wasioze njiani. Barafu tunayomtayarishia nguru hatujawahi kumtayarishia mwanariadha.

Wala hamuwezi kusema Pwani haijaonywa. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Nilikuwa kijana, nimesimama nyuma ya kamba, sijui bado kama nitakuwa kocha. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka 5 mfululizo, na sisi tulikwenda kumwona akishindwa na mtu wetu. Hakushindwa na mtu wetu. Alitoka njiani raundi ya mwisho, hakumaliza kabisa. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Mwaka uliofuata Bekele akaenda Edinburgh, kwenye baridi ya Uskoti, akachukua tena ubingwa wake. Mtu ni yuleyule na miguu ni ileile. Nilishangilia siku ile ya Mombasa kama wengine, na imenichukua miaka kuelewa nilichokuwa nakitazama.

Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu saa 6 ya usiku, ili tu kukimbia jua. Hata hivyo joto lilizidi nyuzi 30. Walianza wanawake 68, wakamaliza 40. Dhahabu ilikuja Kenya, tukafurahi, na wale 28 walioachia njiani hatukuwazungumza.

Lakini mfano ninaotaka muuweke akilini ni wa Japani. Marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilihamishwa zikapelekwa Sapporo, zaidi ya kilomita 800 kaskazini, kwa hofu ya joto. Na hata huko, usiku wa kuamkia mbio za wanawake, tarehe 7 Agosti 2021, wakubwa waliona joto litapanda kupita walivyotarajia. Wakaamua mbio zianze saa 12 asubuhi badala ya saa 1. Televisheni za dunia nzima, wadhamini, wageni wa heshima, wote wakapangwa upya usiku ule kwa ajili ya saa moja tu. Asubuhi yake Peres Jepchirchir akachukua dhahabu na Brigid Kosgei akachukua fedha, wote wetu. Olimpiki iliweza kuiwahisha saa usiku wa kuamkia mbio kwa ajili ya wakimbiaji. Sisi tunaichelewesha kutwa kwa ajili ya anayekuja kuwatazama.

Niruhusuni niseme kidogo juu ya msimu wenyewe, kwa sababu sitaki mdhani nina malalamiko tu. Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, na hilo ndilo linaloniuma.

Tulianza mwezi wa 9, kusi ikilegea. Hatuna njia ya kukimbilia ya kisasa, tuna bahari. Mbio zetu ndefu tunazikimbia ufuoni, kutoka karibu na jeti kwenda kaskazini mpaka mto Sabaki unapomwaga matope yake. Maji yakipwa, mchanga wa pale unakuwa mgumu, unapendeza magoti kuliko lami. Kwa hiyo kalenda yangu ya mazoezi ni ya mwezi angani. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji hujaa alfajiri, na mchanga mgumu hatuupati mpaka jua limeshapanda, basi siku hizo tunakwenda njia ya Mambrui au tunaingia vichochoro vya mashambani. Siku chache baada ya maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, kupwa huangukia alfajiri, na hizo ndizo siku zangu za kilomita 20. Kocha wa Iten hutazama mlima, mimi namuuliza mvuvi. Vijana walijifunza kuuliza wenyewe. Ilifika mahali wananitumia ujumbe, "Mwalimu, kesho kupwa saa 12, twende mbali?"

Ramadhani iliingia katikati ya joto. Tisa kati ya wangu hufunga. Mwaka wa kwanza niliowafundisha Ramadhani niliharibu, nikawa nawakimbiza alasiri kama kawaida, wakaisha nguvu wote. Mwaka huu tulifanya mazoezi mepesi dakika 40 kabla ya magharibi, ili adhana imkute mtu karibu na tende na maji. Mazoezi ya kasi tuliyafanya baada ya tarawehe, saa 4 usiku, chini ya taa za barabara, wapita njia wakitushangaa. Wazee wawili wa msikitini walianza kutuletea madafu. Sijui kinywaji cha mkimbiaji kinachoshinda dafu lenye chumvi kidogo. Mzazi mmoja aliyemkataza binti yake kukimbia kwa ajili ya mavazi alikuja usiku mmoja, akaona binti mwingine amevaa hijabu na suruali ndefu anawaacha wavulana, akaenda zake kimya. Juma lililofuata binti yake alikuja.

Na walikimbia! Mvulana mmoja alishusha dakika yake ya mita 5,000 kutoka 16:20 hadi 15:11. Huyu binti ambaye naandika barua hii kwa ajili yake alikuja na 41:30 ya mita 10,000, na mwezi wa pili nilimpima mara mbili, nisiamini saa ya kwanza: 36:48. Alfajiri, bila mshindani, kwenye uwanja wa vumbi. Alikuwa na haki ya kuonekana. Nyanyake alikuwa ameshaulizia nauli ya Nairobi.

Wawili wangu, wavulana, walipita siku ile na wakapanda kwenda mchujo wa kitaifa. Waliondoka Malindi usiku, wakafika Nairobi alfajiri, wakakimbia kesho yake, karibu mita 1,800 juu ya bahari, miguu imevimba kwa basi. Walimaliza karibu na mkia. Waliporudi, mmoja wao alinieleza alichoambiwa kule na mtu mzima mwenye beji shingoni, kwamba watu wa Pwani wamezaliwa kwa mpira na kuogelea, mbio ni za watu wa milimani. Naye alikuwa ameshaamini. Nilihitaji majuma matatu kumwondolea neno hilo, na sina hakika limetoka.

Hakuna aliyekanusha faida ya mwinuko. Iten iko karibu mita 2,400, hewa ni nyembamba, na mwili ukizoea huko huongeza chembe za damu zinazobeba oksijeni. Lakini joto nalo ni mwalimu. Mtu akifanya mazoezi kwa mpango kwenye joto, ndani ya siku 10 hadi 14 maji ya damu yake huongezeka, moyo unapiga kwa utulivu zaidi, jasho linaanza mapema na linatoka na chumvi kidogo. Timu za nchi tajiri zinajenga vyumba vya kuchemsha hewa ili wanariadha wao wapate kitu ambacho sisi tunaamka nacho. Mashindano makubwa yanazidi kufanyika kwenye joto. Malindi ingeweza kuwa mahali ambapo wakimbiaji wa bara wanashuka kujizoeza kabla ya mashindano ya aina hiyo, na wetu wakapanda kwao kabla ya mchujo. Nimeandika hili kwenye barua zangu mbili za mwanzo na sitalirudia kwa urefu. Ila zingatieni kwamba kuzoea joto hakumwondolei mtu hatari. Kunampa dakika chache zaidi kabla hajaanguka. Binti wangu alizaliwa kwenye joto hili, na lilimwangusha.

Ninachoomba ni kidogo kuliko gharama ya hema la wageni.

Mbio za mita 5,000 na 10,000 zitangulie zote, saa 12 na nusu asubuhi, kabla ya wimbo wowote na hotuba yoyote. Mgeni rasmi akichelewa atakuta zimekwisha, na atawapa medali waliokaa kivulini. Zikishindikana kuanza kabla ya saa 3, basi ziahirishwe hadi saa 10 na nusu jioni, na uamuzi huo utangazwe mapema ili mtu aende akale. Kuahirisha si aibu. Kumfanya mtoto apashe misuli mara tatu ndiyo aibu.

Meza ya maji na sponji iwekwe uwanjani, kama sheria inavyoruhusu. Pawe na mtu mmoja, muuguzi au daktari, mwenye mamlaka ya kumtoa mkimbiaji njiani au kusimamisha mbio, na neno lake lisipingwe na kocha, wala mzazi, wala mwenyekiti. Nasema kocha kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyesema jikaze. Kama angekuwepo mtu wa kuninyamazisha, ningemshukuru mpaka leo.

Na barafu. Mkikosa beseni la kumtosha mtu mzima, turubai linatosha. Watu sita wanashika kingo, mgonjwa analazwa katikati, maji na barafu vinamwagwa ndani na kutikiswa huku na huku. Si ubunifu wangu, madaktari wa michezo wanalitumia na limepimwa. Nimelijaribu na vijana wangu ufuoni Jumamosi tatu, sasa wanaweza kulitandika na kumlaza mtu ndani yake upesi kuliko unavyovaa viatu. Niko tayari kuja kuwafundisha wasimamizi wenu siku mtakayotaka. Nauli nitajilipia.

Mambo mengine yapo: viatu, vyoo vya wasichana uwanjani, basi la kwenda bara mapema. Hayo yanaweza kungoja barua nyingine.

Binti huyu alilala hospitali siku sita. Figo zimepona, daktari amesema. Kwa wiki kadhaa hakuweza kukaa juani hata robo saa bila kichwa kumuuma. Sasa anatembea kila asubuhi, na Jumamosi anakuja ufuoni kunishikia saa. Anaita mizunguko kwa sauti kali kuliko yangu, na hajawahi kumwambia mtu ajikaze. Mwezi uliopita aliniuliza mbio za kwanza za msimu ujao ni lini. Nikamwambia sijui tarehe. Akasema hakuuliza tarehe, ameuliza saa.

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi nitawauliza wenyewe, na ndiyo maana naandika. Siku mtakayotangaza, mimi na vijana wangu tutakuwa uwanjani saa 11 alfajiri, turubai limetandikwa na magunia mawili ya barafu yako chini yake. Yule mama wa ukwaju nimeshazungumza naye, atakuja. Nawaomba mniandikie saa ya kuanza, na mwenye bastola ya kuanzisha mbio awe amefika.

Wenu katika riadha,
Kocha wa mbio ndefu, Malindi